Mikono Iliyoifanya Range Rover Kuwa Gari la Fahari

Range Rover ya kwanza ilipoonyeshwa kwa waandishi wa habari huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika mwezi wa Juni mwaka 1970, haikuwa na zulia. Sakafu yake ilitandikwa mpira, viti vyake vilivishwa plastiki nzito, na mkulima aliyetoka zizini na matope yamemfika magotini aliweza kufungua milango yake, akavuta mpira wa maji akaiosha ndani kama alivyoiosha nje, pasipo kuharibu kitu. Bei yake ilikuwa pauni 1,998, na milango ilikuwa miwili tu. Mbao za thamani, ngozi, kiyoyozi na gia zinazojibadili zenyewe, mambo ambayo leo hayatengwi na jina la gari hilo, hayakuwamo katika matilaba ya waliolisanifu. Anasa ililijia baadaye, ikaletwa aghalabu na watu walio nje ya kiwanda: mafundi wa karakana ndogo, na wenye mali waliowaendea mafundi hao na kuwaambia kwamba gari ni zuri lakini halijatimia. Historia hiyo ndiyo niliyokusudia kuisimulia hapa, kwa kuwa mtu anayemiliki gari la namna hii lililokwisha kula miaka yake hawezi kuamua kwa insafu kipi akitengeneze, kipi akibadilishe na kipi akiache kama kilivyo, asipojua kwanza gari lake lilifikaje hapo lilipo.

Kampuni ya Rover, yenye kiwanda chake Solihull karibu na mji wa Birmingham, ilikuwa katika miaka ya 1960 na wateja wa namna mbili wasiofanana. Wa kwanza walikuwa mawakili, madaktari na maofisa wa serikali, walionunua magari yake ya mjini yenye utulivu na staha. Wa pili walikuwa wakulima, wanajeshi na watumishi wa makoloni, walionunua Land Rover, gari lililobuniwa na Maurice Wilks na kuonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ambalo ushupavu wake unajulikana kila pembe ya Afrika Mashariki, na ambalo adhabu yake kwa mgongo wa abiria inajulikana vile vile. Mhandisi Charles Spencer King, mtoto wa ndugu yake Wilks, ambaye jamaa zake walimwita Spen, alitambua kwamba kilichozitenganisha namna hizo mbili hakikuwa sheria ya maumbile, bali kilikuwa springi. Land Rover ilikalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, ambazo hustahimili mzigo lakini hazina huruma kwa aliyeketi juu yake. King na mwenziwe Gordon Bashford wakachagua springi za koili, ndefu na laini, zenye wasaa mkubwa wa kushuka na kupanda, ili kila gurudumu lifuate ardhi ilhali bodi imetulia. Na juu ya ekseli ya nyuma wakaweka kifaa cha Boge kilichojipampu chenyewe kwa mwendo wa gari, ili mkia usilale chini ya mzigo.

Breki za diski ziliwekwa katika magurudumu yote manne, jambo lililokuwa nadra zama zile kwa gari la porini. Fauka ya hayo, kwa kuwa nguvu ya injini waliyoikusudia ingeweza kuvunja ekseli ya nyuma kama ingebebeshwa yote peke yake, waliigawa nguvu hiyo kwa ekseli zote mbili wakati wote, juu ya lami na nje ya lami. Kwa hiyo mwendo wa magurudumu manne wa daima, ambao wanunuzi wa baadaye waliuhesabu kuwa ni sehemu ya ufahari wa gari, asili yake ni hesabu ya wahandisi waliochelea difu isivunjike. Naipenda habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba sehemu bora za gari hili zilizaliwa na haja, wala si na majivuno.

Ama injini, hiyo ina safari yake mbali. Ilikuwa injini ya Buick, ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa lita 3.5, na mwili wake pamoja na silinda hedi zake vyote vilikuwa vya alumini. General Motors waliitengeneza kwa miaka mitatu tu, kuanzia mwaka 1961 hadi 1963, kisha wakaiacha, kwa sababu kusubu alumini kwa ustadi uliotakiwa kulikuwa ghali na vipande vingi vilitoka na vitundu vikakataliwa, hali wahandisi wa Marekani walikwisha kuvumbua namna ya kusubu chuma chembamba kwa gharama ndogo. William Martin-Hurst, aliyekuwa mkurugenzi wa Rover, alipozuru karakana ya injini za mashua ya Mercury Marine katika jimbo la Wisconsin, aliikuta injini hiyo imewekwa sakafuni. Akaiulizia, akaipima, akaona kwamba uzito wake haukuzidi sana ule wa injini ya Rover ya silinda nne. Na baada ya mazungumzo yaliyochukua muda mrefu, kwa kuwa Wamarekani walishangaa kwamba yuko mtu anayekitaka kitu walichokitupa, Rover ilipata haki ya kuitengeneza mwaka 1965. Mhandisi Joe Turlay, aliyeijua injini hiyo tangu Buick, alikwenda Uingereza kuwasaidia. Katika Range Rover ya kwanza ilitoa nguvu za farasi 135, ikalisukuma gari zito hadi karibu kilomita 150 kwa saa, na uzao wake ukaendelea kutumika katika magari ya kiwanda hicho hadi mwanzoni mwa karne ya 21.

Umbo la bodi lilichorwa na wahandisi wenyewe, King na Bashford, kwa ajili ya majaribio tu, wakidhani kwamba wasanifu watakuja kulifuta. Lakini David Bache, msanifu mkuu wa Rover, alipolitazama aliona kwamba halihitaji kufutwa, akalinyoosha hapa na pale na kuliacha na sura yake. Mwaka 1971 gari hilo likawekwa katika maonyesho kwenye jumba la Louvre mjini Paris, likiwa mfano wa usanifu wa viwandani. Si gari nyingi za shamba zilizopewa heshima hiyo.

Wanunuzi walikuwa wengi kuliko magari. Walingoja kwa miezi, na gari lililokwisha kutumika kidogo liliweza kuuzwa kwa bei iliyozidi ile ya jipya. Kwa kawaida hali kama hiyo humshawishi mwenye kiwanda kuongeza aina na kuboresha, lakini Rover ilikuwa imeingizwa katika shirika kubwa la British Leyland, lililolemewa na madeni na migomo hata serikali ya Uingereza ikalitaifisha mwaka 1975. Fedha iliyopatikana kwa Range Rover ilikwenda kuziba mashimo ya magari mengine. Usukani wenye kusaidiwa na nguvu ya haidroliki ulikuja mwaka 1973, tena kwa malipo ya ziada. Lakini mlango wa tatu na wa nne haukuja, gia za otomatiki hazikuja, na mwaka baada ya mwaka gari liliuzwa karibu vile vile lilivyozaliwa.

Pengo hilo ndilo lililofungua amali mpya. Mfalme Faisal wa Saudi Arabia na wenzake wa nchi za mafuta walipopunguza usafirishaji mwaka 1973, na bei ya mafuta ghafi ikapanda mara nne katika muda wa miezi michache, gari lenye silinda nane lilipoteza wapenzi Ulaya, lakini utajiri uliohama ulihamia kwa watu waliokuwa na jangwa, na jangwa lilitaka gari la namna ile. Omani, ambako ndugu zetu wengi waliotoka Unguja na Pemba walikwenda kuanza maisha mapya baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, ilikuwa wakati huo na kilomita chache mno za lami. Katika nchi za Ghuba gari lililoweza kuvuka mchanga asubuhi na kumfikisha mtu barazani jioni bila ya kumchosha lilikuwa jambo kubwa. Walilolikosa ndani yake ni raha waliyoizoea katika magari yao ya mjini, nao walikuwa na uwezo wa kulipia kila walichokikosa.

Basi zikatokea karakana za kuukata na kuuvisha upya mwili wa Range Rover. Wood & Pickett wa London, mafundi wa bodi waliokwisha kujipatia jina kwa kuvipamba vigari vya Mini, walitia ngozi, mbao za jozi na mazulia. Glenfrome wa Bristol walirefusha chesisi, wakakata mapaa, wakatengeneza gari la Facet ambalo mtu angelitazama mara mbili kabla ya kutambua kwamba chini yake mna Range Rover. Yalitengenezwa magari ya kuwindia kwa kozi, yaliyo wazi juu, yenye viti vilivyoinuliwa nyuma ili mwindaji amwone ndege wake kwa mbali. Carmichael wa Worcester waliongeza ekseli ya tatu, wakapata gari la zimamoto la magurudumu sita lililotumiwa na viwanja vya ndege na Jeshi la Anga la Uingereza. Schuler, ambao baadaye walijiita Overfinch, hawakushughulika na mapambo kwanza bali na mitambo: walitia gia za otomatiki pale ambapo kiwanda hakikuwa nazo, na hatimaye wakaitoa injini ya lita 3.5 wakaweka ya Chevrolet ya lita 5.7. Na huko Binningen, karibu na Basel nchini Uswisi, Peter Monteverdi, aliyekuwa akitengeneza magari ya fahari kwa jina lake mwenyewe, aliikata bodi ya milango miwili akaifanya ya milango minne, kwa ufundi uliokubaliwa na kiwanda chenyewe, akaionyesha Geneva mwaka 1980.

Tazama sasa yaliyofuata, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Monteverdi alionyesha milango minne mwaka 1980, na mwaka 1981 kiwanda kikatoa gari la milango minne. Schuler walikwisha kuuza otomatiki, na mwaka 1982 kiwanda kikatoa otomatiki, ikiwa ni gia ya Chrysler ya hatua tatu. Wood & Pickett walitayarisha gari lililopigwa picha kwa jarida la Vogue mjini Biarritz, na mwaka 1981 kiwanda kikauza magari 1,000 ya rangi ya buluu yaliyopewa jina la In Vogue, yenye vipande vya jozi milangoni; jina hilo halikutoka tena, likawa daraja la kudumu la gari. Kila hatua iliyoipeleka Range Rover kutoka zizini hadi barazani ilikwisha kukanyagwa na fundi wa nje kabla kiwanda hakijaifuata. Wale wanaosema kwamba gari la zamani lina hali moja tu ya asili, na kwamba kila kilichobadilishwa ni dhambi, wangefanya vyema kulitafakari jambo hili.

Lakini sisemi kwamba kila badiliko lilikuwa la heri. Mwezi wa Desemba mwaka 1971, maofisa wa jeshi la Uingereza waliondoka Anchorage katika jimbo la Alaska na Range Rover mbili, wakinuia kufika ncha ya kusini ya Amerika, na njiani ilikuwapo misitu na vinamasi vya Darien, kati ya Panama na Kolombia, pasipo na barabara. Magari yalibebeshwa mzigo mzito na kuvishwa matairi mapana ya kinamasi, na difu zikavunjika moja baada ya nyingine hata zikaletwa nyingine kwa ndege. Waliuvuka msitu huo kwa muda wa siku zipatazo 100, wakafika Ushuaia mwezi wa Juni mwaka 1972, na sifa walizopata ni za haki. Hata hivyo aliyekuwa na macho alipata hapo somo ambalo vijana wa leo wanaolipandisha gari juu na kulivisha matairi makubwa hawapendi kulisikia: tairi huomba nguvu kwa difu, na difu ina mpaka wake. Ushindi wa mashindano ya Paris hadi Dakar, Alain Génestier mwaka 1979 na René Metge mwaka 1981, ulipatikana kwa magari yaliyotayarishwa na watu walioujua mpaka huo.

Katika miaka iliyobaki gari lilipanda cheo kwa haraka. Kabureta zikaondoka, ukaja mfumo wa Lucas wa kunyunyizia petroli. Mwaka 1986 ikaja dizeli ya VM kutoka Italia. Mwaka 1987 likaingia soko la Marekani likiwa gari la matajiri waziwazi. Mwaka 1989 injini ikakua hadi lita 3.9. Mwaka 1992 likatoka lililorefushwa, lenye injini ya lita 4.2 na springi za hewa zilizoongozwa na kompyuta. Mwaka 1994 aina mpya ikachukua nafasi, na lile la kwanza likamaliza maisha yake kiwandani mwaka 1996, baada ya kutengenezwa zaidi ya magari 317,000.

Msomaji wa Tanzania au Kenya asidhani kwamba habari hii haimhusu kwa kuwa hajapata kupanda Range Rover. Land Rover 110 iliyotoka mwaka 1983, ambayo imebeba wagonjwa, walimu, askari na watalii katika njia zetu mbaya kuliko zote, ilipata kutoka Range Rover springi zake za koili na mwendo wake wa magurudumu manne wa daima. Na Discovery ya mwaka 1989 iliwekwa juu ya chesisi iliyo ndugu ya ile ile. Ndiyo maana fundi wa Arusha au Nairobi aliyezoea kufungua boneti za Discovery ya kwanza anaweza kuifungua Range Rover ya mwaka 1985 akajiona yumo nyumbani mwake, na spea nyingi zitaingiliana.

Baada ya kuzeeka, magari haya yalipata dhiki. Bei zilianguka, kwa kuwa mtu aliyeweza kununua Range Rover ya miaka kumi na mitano hakuweza aghalabu kuilisha petroli wala kuitengeneza, na mengi yalikatwa chesisi zikatumiwa kwa magari ya kuunga na ya michezo ya matope. Yaliyosalia yana maradhi yanayojulikana. Bati za nje nyingi ni alumini, haziozi kwa kutu, na jambo hilo huwadanganya wanunuzi, kwa maana mifupa iliyo chini yake ni chuma. Palipokutana chuma na alumini na unyevu, huliana. Kutu hukaa katika vizingiti vya milango, katika sakafu ya miguuni, katika sakafu ya nyuma na katika mlango wa nyuma, hali rangi ya nje ingali inang'aa. Injini ya alumini haisamehi joto: rejeta iliyoziba au feni iliyochoka huipinda silinda hedi na kuunguza gasketi. Oili isiyobadilishwa kwa wakati huganda kuwa tope, ikala kemshafti na tapeti zake. Pampu ya oili ikifunguliwa, sharti meno yake yajazwe mafuta mazito ya jeli kabla ya kufungwa, la sivyo haitavuta, na injini itazunguka kavu mpaka iharibike. Katika magari ya baada ya 1989, kiungo chenye mafuta mazito kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hugandamana kwa uzee, na dereva huhisi gari likikaza katika kona. Mifuko ya mpira ya springi za hewa hupasuka, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka ife, na gari huamka asubuhi limelala upande mmoja.

Hapo ndipo swali la kubadilisha linapokuja, na majibu si sawa kwa yote. Kuondoa springi za hewa na kurudisha za koili nakuona ni halali kabisa, maadamu gari lilisanifiwa na koili tangu mwanzo na kazi yake hairudi nyuma. Kuitoa V8 na kuweka dizeli ya Discovery, kama walivyofanya wengi kwa sababu ya bei ya petroli, ni jambo linaloeleweka kwa mtu anayelitumia gari lake kila siku mbali na mji, ingawa huondoa roho ya mashine. Nami simlaumu, lakini namsihi asiiuze injini kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kulipandisha gari kwa springi ndefu kuna gharama zisizoonekana: pembe ya ekseli ya mbele hubadilika, usukani hupoteza uthabiti, na viungo vya propela shafti huchakaa kabla ya wakati. Anayepandisha sharti arekebishe na hayo, ama aache. Kinachonihuzunisha ni kuona fedha zikimwagwa kwa ringi mpya, taa na ngozi juu ya gari ambalo sakafu yake inaweza kutobolewa kwa bisibisi.

Mwaka 2017 kiwanda chenyewe kilitangaza mjini Paris kwamba kitayakusanya magari machache ya mwaka 1978, ya milango miwili, na kuyarudisha katika hali yao ya awali, kwa bei iliyoanzia pauni 135,000. Thamani imewarudia wenye subira, na pamoja nayo imekuja hatari mpya, kwamba kila gari litasukumwa lifanane na lile la kwanza, na kazi ya Monteverdi, ya Schuler na ya mafundi wa Bristol, ambayo nayo ni historia ya gari hili, itang'olewa na kutupwa.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye gari la namna hii, Ulaya, Ghuba au kwetu, aanze chini ya sakafu kabla ya kuanza juu ya viti. Auzibe mfupa kwa bati jipya lililochomelewa barabara na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Asafishe njia za maji na abadilishe oili kwa wakati. Kila atakachokibadilisha akiandike katika daftari, kwa tarehe na kwa jina la karakana, na kila atakachokitoa kikiwa bado kizima akitie grisi na kukihifadhi katika boksi. Atakapoliuza gari, daftari hilo na boksi hilo avikabidhi kwa mnunuzi pamoja na ufunguo.